Maswali na Majibu: Pakiti Iliyoachiliwa Mara Mbili Ndani ya Kerneli

Wasomaji wanaosimamia seva za zamani wanauliza kuhusu CVE-2017-6074, namba ya utambulisho ya udhaifu wa usalama uliotangazwa Februari 2017 katika msimbo wa DCCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux.

Kosa lenyewe lilikuwa nini?

Pakiti (kifungu cha data) inayoingia kutoka mtandaoni hutengewa nafasi katika kumbukumbu, pamoja na kihesabu cha sehemu za kerneli ambazo bado zinaihitaji, na nafasi hiyo haipaswi kurudishwa kabla kihesabu hakijafika sifuri. Soketi ya DCCP (ncha ya mawasiliano ambayo programu huifungua) inayosubiri maombi, ikiwa imewekewa chaguo la IPV6_RECVPKTINFO, linaloomba taarifa za pakiti zinazoingia, ilihifadhi anwani ya pakiti ya ombi katika kumbukumbu na kuongeza kihesabu kama ilivyopasa; lakini hatua chache mbele msimbo uliiachilia pakiti hiyohiyo kwa lazima, bila kukitazama kihesabu. Soketi ikabaki imeshika anwani ya nafasi ambayo sasa ingeweza kupewa mwingine. Mshambuliaji aliyewahi kuijaza nafasi hiyo kwa data yake aliweza kuifanya kerneli, ilipoiachilia mara ya pili, iendeshe msimbo alioutaka yeye, na hivyo akapata mamlaka ya mtumiaji mkuu. Tiba yake ilikuwa mistari michache tu: kuita consume_skb, amri ya ndani ya kerneli inayoheshimu kihesabu, badala ya __kfree_skb, inayoachilia kwa lazima.

Programu zangu hazitumii DCCP. Je, nina sababu ya kuhofu?

Ndiyo, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Katika mifumo mingi DCCP ilijengwa kama moduli, yaani kipande cha kerneli kinachopakiwa pale tu kinapohitajika, na mtumiaji wa kawaida alipofungua soketi ya aina hiyo, kerneli iliipakia moduli yenyewe bila kuuliza ruhusa. Kutoitumia, basi, hakukuwa kinga. Kama sasisho haliwezekani upesi, zuia upakiaji kwa kuandika install dccp /bin/true katika faili iliyo chini ya /etc/modprobe.d. Ningeshauri vivyo hivyo kwa kila itifaki isiyohitajika, kwa sababu msimbo usiotumiwa na watu ndio unaokaguliwa na wachache.

Nimefunga milango yote ya mtandao isipokuwa SSH, ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali. Haitoshi?

Haitoshi. Shambulio hili huanzia ndani ya mashine, kwa mtu ambaye tayari ana akaunti au ameteka programu moja dhaifu.

Ilikuwaje kosa likae zaidi ya miaka kumi?

Msimbo wa DCCP uliingia mwaka 2005, na kosa lilihitaji hali kadhaa zikutane ambazo matumizi ya kawaida hayazikutanishi. Andrey Konovalov wa Google alilipata kwa syzkaller, programu inayoitupia kerneli miito ya kubahatisha kwa wingi usiowezekana kwa mkono.

Nimesakinisha kerneli mpya lakini sijawasha mashine upya.

Basi kerneli inayofanya kazi ni ileile ya zamani, isipokuwa kama unatumia huduma ya kutia viraka bila kuzima. Iwashe upya, kisha uthibitishe toleo kwa amri ya uname -r.