Barua kwa binti yangu, kuhusu zile dakika mbili

Binti yangu mpenzi,

Wa alaikum salaam. Sisi huku Bombo, Uganda, hatujambo, ila mvua imekataa kukatika na njia ya sokoni ni tope tupu.

Umeniuliza jambo linalotaka jibu la kukaa chini. Unasema tarehe 11 Novemba, saa tano asubuhi, kazi ilisimama wodini kwenu huko Uingereza, watu wakainuka kimya kwa dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani. Nesi mwenzenu wa kutoka Ireland akatoka nje, na tangu hapo wanamsema. Wewe ulisimama, lakini moyo ukakuuliza: namsimamia nani, jeshi lililotutawala? Na mwakani nikikaa, nitakuwa nimemvunjia babu heshima?

Nianze na babu, maana naona yeye ndiye anayekusumbua. Babu yako alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kule Bama (leo Myanmar), Bonde la Kabaw, wakiwafukuza Wajapani kwenye mvua na malaria, wanamezeshwa vidonge vya manjano mpaka ngozi inageuka rangi. Medali yake, ile nyota ya ncha sita yenye utepe wa buluu, nyekundu na rangi ya chungwa, ilikaa kwenye kopo la majani ya chai pamoja na sindano za bibi yako. Sijawahi kumwona akisimama kimya kwa ajili ya vita. Akitajwa mwenzake aliyebaki kule, aliinua mikono, akamsomea Fatiha, akapangusa uso, kisha akaendelea kupalilia mihogo. Basi babu usimfanye sababu ya kusimama, wala usimfanye sababu ya kukaa. Yeye alikumbuka kwa njia yake.

Halafu jua desturi yenyewe imetoka wapi. Ilianza mwaka 1919, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Kwanza kusimama. Mfalme George wa Tano aliwaomba watu wake wanyamaze dakika mbili. Aliomba, mwanangu, naye alikuwa mfalme. Sasa msimamizi wa wodi atakulazimisha kwa mamlaka gani?

Tena hiyo saa tano ya tarehe 11 ni saa bunduki ziliponyamaza Ulaya mwaka 1918. Huku kwetu bunduki zilikuwa bado zinalia. Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, na askari wake walisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Wababu zetu wengi wa vita ile hawakushika hata bunduki, walibeba mizigo vichwani mpaka wakaanguka njiani kwa njaa na kuhara. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Kwa hiyo ukisimama, una watu wako wa kuwasimamia, na hakuna wa kukukagua moyoni.

Huyo mwenzako naye ana wafu wake. Unamkumbuka James McClean, yule winga kaka zako walikuwa wakimzomea kwenye kibanda cha mpira? Kwao ni Derry, Ireland ya Kaskazini, ambako askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji Januari 1972. Alikataa kuvaa kwenye jezi lile ua jekundu ambalo Waingereza huvaa kila Novemba kuwakumbuka wanajeshi wao waliokufa, na mwaka 2014 akaandika barua ya wazi kwamba lingekuwa la waliokufa katika vita vikuu viwili peke yake, angelivaa. Kazomewa viwanjani miaka mingi. Mimi nasema mtu aliyejieleza hivyo ana heshima kuliko anayelivaa kwa kuogopa majirani. Na mwenzako alitoka bila kubamiza mlango, hakumharibia mtu dakika zake. Waliokaa wakimsengenya mpaka jioni ndio wa kuulizwa walikuwa wakimkumbuka nani.

Nakwambia haya nikiwa askari mstaafu. Kwenye paredi ukiambiwa mguu sawa, umesimama, awe umefiwa au hujafiwa, unafikiria marehemu au mshahara. Ile ni amri, na jeshini ina kazi yake. Kwa raia ni jambo jingine. (Huku raia wenyewe unawajua: mshereheshaji anatangaza dakika moja, kabla hata ya nusu anasema “ahsanteni, tukae”.)

Mwaka 2023, Al-Shabaab walipovamia kambi ya jeshi letu la Uganda huko Bulo Marer, Somalia, tulipoteza askari 54. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwemo. Siku mwili ulipofika hakuna aliyenyamaza. Mama yake alilia akimwita kwa jina la utotoni, wanawake wakaitikia, msikitini ikasomwa hitima, wanajeshi wakapiga baragumu lao. Babake peke yake ndiye hakutoa sauti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, anavuta nyuzi za mkeka kwa kidole cha mguu, na hakuna aliyemwambia alie.

Mwakani basi fanya utakavyoona. Ukisimama, unaweza kusoma Fatiha yako polepole, dakika mbili zinatosha na kubaki. Usipotaka, mwambie mkuu wako mapema kwa adabu, utoke kabla ya saa, uzime simu. Usibaki ukichapa kompyuta wenzako wakiwa wameinamisha vichwa. Na wakikuuliza kwa nini, una hiari ya kutojibu.

Jambo moja nakutuma. Ile tume ya makaburi ya vita ina orodha yake kwenye intaneti, nawe unajua kutafuta kuliko mimi. Babu alikuwa na rafiki aliyeuawa karibu na mto Chindwin, kule Bama. Kaka yako atakutumia jina kwa WhatsApp, maana babu alilitamka kivyake na tahajia yake hatuna uhakika nayo. Jaribu namna zote. Ukilipata, tutalichapisha tuwapelekee wajukuu zake, wako hapa hapa Bombo.

Mama yako anauliza kama ile dawa ya kuchua mgongo bado inapatikana.

Baba yako