Kabla ya Kufuta Ukungu Ndani ya Gari, Tafuta Maji Yanakoingilia

Aprili 2024 niliondoka Dar es Salaam kwenda Iringa kuuguza, na gari langu nikaliacha uani kwetu Tabata, chini ya mwarobaini, vioo vimepandishwa hadi mwisho na milango imefungwa kwa uangalifu wote. Niliporudi baada ya wiki tatu, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika, nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya godoro lililolowa likaachwa lijikaukie chumbani. Usukani ulikuwa umeota vinyweleo vyeupe mithili ya unga uliopepetwa, mkanda wa dereva ulikuwa na madoa ya kijani pale ambapo kiganja changu huushika kila asubuhi, na siti ya nyuma, ambayo watoto huifanya meza ya kulia, ilikuwa imechafuka kuliko zote.

Nilifanya karibu kila kosa linalowezekana, na ninayaeleza hapa kwa sababu naona majirani wakiyarudia kila mwaka. Kwanza nilichukua kitambaa kikavu nikafuta kila mahali, kisha nikaning'iniza manukato kwenye kioo cha kati. Gari likanuka limau na godoro bichi kwa wakati mmoja, na baada ya siku nane ukungu ukarudi. Mara ya pili nililipeleka sehemu ya kuoshea magari, ambako vijana walimwaga maji na sabuni ndani kwa moyo wote, wakasugua siti na kapeti, wakanikabidhi gari linalong'aa saa kumi na mbili jioni, nami nikalifunga na kulilaza. Safari hiyo ukungu haukusubiri hata wiki. Mara ya tatu nilitumia siki, ambayo kwa haki yake ni dawa inayosaidia, lakini nayo ilishindwa, kwa sababu nilikuwa napiga deki huku bomba likivuja nyuma yangu.

Ukungu ni kuvu, na kuvu ni kiumbe hai kinachohitaji chakula na maji. Vijimbegu vyake vimo hewani wakati wote, kwa hiyo kuvizuia visiingie garini ni kazi bure. Chakula nacho hakikosekani: jasho na mafuta ya ngozi kwenye usukani na mikanda, vumbi, makombo ya kachori yaliyozama kwenye mikunjo ya siti. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Kitu kilicholowa kikikaushwa kabisa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu haupati nafasi ya kuota. Kikikaa na unyevu zaidi ya hapo, kila unachofuta leo utakifuta tena baada ya siku chache.

Wengi wetu husingizia hewa ya pwani, na ni kweli kwamba hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika ni nzito kiasi cha kuota ukungu hata kwenye viatu vilivyomo kabatini. Hata hivyo, hewa hiyohiyo iliingia katika gari la jirani yangu lililolala hatua kumi kutoka langu, na lenyewe halikuota kitu. Tofauti ilikuwa kwenye sakafu. Gari ambalo kapeti yake imelowa hufanana na chungu kilichofunikwa: mchana jua likilipiga, maji hupanda kutoka kwenye kapeti na kuingia katika hewa iliyofungiwa ndani, usiku bati na vioo vikipoa, maji yaleyale hulalia vioo, mikanda na usukani, na kesho yake mzunguko huanza upya bila hata tone moja kutoka nje. Lugha yetu huita kwa jina moja mawingu yanayotanda asubuhi na uchafu unaoota kwenye mkate, na katika gari mambo hayo mawili ni ndugu kweli: vioo vinavyoamka vimefifia kwa ndani, hata siku ambayo mvua haikunyesha, vinakuarifu kwamba kuna maji mahali ambapo macho yako hayafiki.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa viyoyozi vya magari kule Ilala, ambaye hakunusa siti wala kutazama usukani. Aliinamia sakafu ya upande wa abiria, akaingiza vidole chini ya ukingo wa kapeti na kuubana, na maji yakamtoka kati ya vidole. "Dada," alisema, "gari limelowa chini, wewe unafuta juu." Kapeti ya gari ina tabaka la sponji au pamba nzito upande wa chini, na tabaka hilo linaweza kubeba maji mengi kwa wiki kadhaa wakati uso wa juu unaokanyagwa ukiwa mkavu. Kuipapasa juu juu, kama nilivyokuwa nikifanya, hakukuambii chochote.

Chanzo cha kwanza tulichokipata kilikuwa kiyoyozi. Kinapopoza hewa, unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone kwenye kipoza kilichofichwa nyuma ya dashibodi, na matone hayo hutiririka kupitia kijibomba kimoja chembamba hadi chini ya gari. Hayo ndiyo maji tunayoyaona yakidondoka tukiegesha, na katika mji wenye joto na unyevu kama wetu hudondoka kwa wingi. Kijibomba kikiziba, maji hujaa na kumwagikia ndani, kwa kawaida upande wa abiria wa mbele. Kipimo chake ni chepesi: washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, subiri dakika 10 hadi 15, kisha chungulia chini, ukikuta pakavu kabisa wakati hewa ya nje ni nzito, kitilie shaka kijibomba hicho. Changu kilichokonolewa taratibu kwa waya laini, likatoka tope la nyigu, na nyuma yake maji yaliyojaza nusu kikombe.

Nilifurahi mapema mno. Vuli ilipoanza, kapeti ileile ililowa tena, lakini maji haya yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo inafaa kila mwenye gari aijue. Maji ya kiyoyozi ni meupe na hayana uchafu. Maji ya mvua huja na mchanga, vumbi au vipande vya majani. Maji ya kupozea injini, ambayo huvuja kutoka kwenye sehemu ya kupasha joto iliyo ndani ya dashibodi, huteleza vidoleni, yana harufu ya utamu na huacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Ukiyakuta hayo, achana na habari ya ukungu kwanza umwone fundi, kwa sababu injini inapoteza maji yake. Mimi nilikuta vijani vidogo vilivyooza. Chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala, kuna plastiki yenye matundu, na chini yake kuna mfereji unaopeleka maji ya mvua pembeni hadi kwenye matundu ya kutokea. Mwarobaini ulikuwa umeujaza mfereji huo kwa miaka, maji yakakosa njia, yakaingia kupitia tundu linalovuta hewa ya feni. Tunasema mti huo unatibu maradhi arobaini. Gari langu uliliongezea la arobaini na moja.

Kama chanzo hakijionyeshi, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie gari maji kwa mpira wa bustani yakitiririka polepole, akianzia chini na kupanda juu, dakika chache kila mahali. Ukianza juu, kila sehemu italowa kwa pamoja na hutajua ipi ndiyo inayovuja. Kagua mipira ya milango, mipira ya taa za nyuma, na uinue tairi la akiba kwenye buti, kwa maana shimo lake hugeuka kisima bila mwenye gari kujua.

Baada ya kuziba maji ndipo kazi ya kukausha ilipoanza, nayo haina njia ya mkato: kapeti lazima inuliwe. Katika gari langu boliti za siti za mbele zilifunguka kwa spana ya namba 14, na hadi hapo kazi ilionekana rahisi, lakini fundi alinizuia nisiguse waya zilizo chini ya siti. Plagi za rangi ya njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, nazo hazichomolewi kabla ya kuzima gari, kutoa waya wa betri na kusubiri dakika kadhaa. Kama huna uzoefu, mlipe mtu anayejua. Sponji yangu ilianikwa juani siku tatu, ikigeuzwa kila baada ya saa chache, na siku ya pili, nilipodhani imekauka, niliikalia kwa makusudi na gauni likalowa. Sakafu ya bati niliifuta, nikaikagua kutu, na plagi za waya zilizokuwa zimelala majini nilimwachia fundi umeme, kwa kuwa kutu ndani ya plagi huzaa matatizo ya umeme yasiyoeleweka.

Kusafisha ukungu wenyewe, jambo ambalo mimi nililifanya la kwanza, ndilo la mwisho na jepesi zaidi. Fanyia kazi nje, milango yote ikiwa wazi, ukiwa umevaa barakoa na glavu. Mwenye pumu asiifanye kabisa. Usisugue ukungu ukiwa mkavu, kwa sababu utapeperusha vijimbegu na kuvivuta mwenyewe. Loanisha kitambaa kwa siki nyeupe, futa, geuza kitambaa kila mara, acha dakika kadhaa, futa tena kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha anika. Kwa usukani na plastiki ngumu nilitumia spiriti, baada ya kuijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Mikanda niliivuta yote hadi mwisho, nikaibana kwa kibanio cha nguo isirudi, nikaisafisha na kuiacha nje hadi ikauke. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo siishauri, kwa kuwa huchuja rangi ya vitambaa, na ikikutana na siki hutoa gesi yenye sumu. Ndani ya gari, chumba kidogo namna ile, huo si mchezo. Badilisha pia chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi limekaa nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria. Langu lilikuwa jeusi, na lilikuwa na manyoya ambayo sikutaka kujua ni ya nani.

Gari lililoingiliwa na maji ya mafuriko ni habari nyingine. Maji yanayoifunga barabara ya Morogoro pale Jangwani yamebeba taka za vyoo na mitaro, na sponji iliyoyanywa hutupwa, haianikwi.

Siku hizi nazima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika nyumbani na kuiacha feni ipulize, ili kipoza kikauke kabla gari halijalala. Nikiona vioo vimefifia, nabadili kitufe ili hewa ya nje iingie. Mwavuli uliolowa hausafiri tena sakafuni. Watu wameniambia niweke bakuli la chumvi chini ya siti, nami nimelijaribu: chumvi huanza kunywa maji pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, kwa hiyo asubuhi za masika niliamka na bakuli la maji ya chumvi juu ya bati, kitu ambacho gari halikihitaji. Mfuko wa mkaa haumwagiki, lakini usitegemee ukaushe kapeti.

Ninachokitegemea zaidi ni magazeti ya zamani. Msimu wa mvua unapokaribia, nakunja vipande vinne na kuvisukuma chini ya pembe nne za kapeti, na kila Jumapili navitoa kuvikagua. Karatasi iliyolowa haifichi kitu, na pembe ilikolowa inaonyesha ulikoanzia uvujaji. Juzi vitatu vilitoka vikavu kabisa. Cha nyuma ya dereva kilikuwa na doa la maji lenye ukubwa wa kiganja, upande wa mlangoni, na nilipopitisha kidole kwenye mpira wa mlango huo nikakuta umepasuka kwa chini. Mpira mwingine nimeshauagiza. Mpaka ufungwe, gari linalala barazani, kichwa kikielekea mbali na mwarobaini.