Usijenge mtambo wa biogesi kwa kuhesabu ng'ombe

Mkuu, usimpe huyo fundi hata shilingi ya kuchimbia shimo. Umesema una ng'ombe kumi wa ndani na familia ya watu watano, umeshauriwa kujenga mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, wa mita za ujazo 16, na unauliza aina ya saruji, umbali kutoka zizini na kama kuna fedha za kaboni, yaani malipo ya kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Ukubwa huo ndio utakaokuumiza.

Mtambo kama huo nilijengewa Meru na fundi aliyelipwa kwa kila mita ya ujazo. Nilipomuuliza gesi ya ziada itakwenda wapi, alinijibu kwa utulivu wa mganga kwamba itatoka yenyewe hewani, wala haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Kutoka ilitoka kweli. Katika mtambo wa kuba, yaani tangi la mviringo lililofukiwa ardhini, gesi isiyotumika hulisukuma tope la samadi kuelekea chemba ya kutokea, na tope likishashuka vya kutosha, gesi hupenya chini yake na kububujika nje; majirani waliamini nafuga kiboko shimoni.

Takriban asilimia 60 ya gesi hiyo ni methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 huipasha dunia joto kama mara 80 ya uzito uleule wa kaboni dioksidi. Samadi iliyotandazwa ikakauka juani hutoa methani kidogo sana, kwa sababu vijidudu vinavyoitengeneza havistahimili oksijeni. Ukiifungia kwenye kuba, umevijengea kiwanda. Methani ikichomwa jikoni hugeuka maji na kaboni dioksidi iliyotokana na majani waliyokula ng'ombe, na hapo hakuna ubaya. Ikiachwa itoroke, ni heri usingejenga kabisa. Waliotuita semina ya biogesi wakatugawia kofia za kijani hawakuligusa hili hata kwa sentensi moja.

Basi hesabu moto utakaouwasha, usihesabu ng'ombe. Mtu mmoja hupikiwa kwa lita 200 hadi 300 za gesi kwa siku, kwa hiyo watu watano hawavuki mita ya ujazo moja na nusu. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa lita 30 hadi 40, hivyo kilo 40 kwa siku, yaani za ng'ombe wanne hivi, zinatosha, na mtambo wa mita za ujazo sita unazimudu. Samadi inayobaki itandaze shambani ikauke. Fundi akinuna kwamba kazi imekuwa ndogo, mwache anune.