Barafu Haiandiki Majina: Maswali Yenu Kuhusu Volkano za Kale

Safari hii maswali mengi yamehusu nguzo za barafu, zile ndefu na nyembamba zinazotolewa kwa keekee kutoka Greenland na Antaktika ili kusoma hali ya hewa ya zamani. Nimechagua machache. Moja nimelijibu mara nyingi mno, na mtaliona lenyewe.

Tambora iko Indonesia. Majivu yake yalifikaje hadi Greenland?

Usianze na majivu. Mengi ni mazito na huanguka mapema. Kinachosafiri mbali ni gesi ya salfa. Mlipuko wenye nguvu huirusha hadi stratosfia, juu kabisa ya mawingu ya mvua, na huko hugeuka vitone vidogo mno vya asidi ya salfuriki. Kwa kuwa hakuna mvua ya kuvisafisha, vitone hivyo huzunguka dunia kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hushuka pamoja na theluji na kufunikwa na theluji ya miaka inayofuata.

Vikiwa bado juu, hurudisha angani sehemu ya mwanga wa jua, na huku chini kunapoa. Tambora ililipuka Aprili 1815. Mwaka uliofuata, 1816, sehemu za Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani zilikosa majira ya joto, na jalidi ikaunguza mazao mwezi wa Juni.

Asidi hiyo hupitisha umeme, na mtafiti wa Denmark, Claus Hammer, aliitumia sifa hiyo vizuri sana. Aliburuta elektrodi mbili juu ya nguzo ya barafu, na kila mkondo wa umeme ulipopanda ghafla, pale palikuwa na asidi. Siku hizi maabara nyingi huyeyusha nguzo polepole juu ya bamba la moto na kupima maji ya katikati tu, yale yasiyoguswa na mikono wala mafuta ya kuchimbia.

Je, alama ya Tambora ipo Antaktika pia?

Ipo. Alama ikionekana kwenye ncha zote mbili kwa wakati mmoja, mshukiwa wa kwanza ni volkano ya ukanda wa tropiki.

Nimeona makala inayosema barafu ya Greenland imethibitisha tarehe ya mlipuko wa Thera, ule ulioangamiza kisiwa cha Santorini. Kwa nini wanahistoria bado wanabishana?

Kwa sababu barafu haikuthibitisha kitu hicho, na makala za namna hii ndizo zinazoharibu kazi nzuri. Salfa ni salfa. Kilele cha asidi kinakwambia kwamba palitokea mlipuko, kikakupa makadirio ya salfa iliyoshuka, na mwaka pia ikiwa matabaka yamehesabiwa vizuri. Hakikutajii jina la mlima.

Mwaka 1987 ilitangazwa kwamba kilele kimoja cha Greenland, kilichowekwa mwaka 1645 KK, ni cha Thera. Kilikuwa kikubwa na kimekaa karibu na wakati uliotarajiwa, watu wakaridhika. Baadaye zilichunguzwa chembe za kioo zilizokuwa ndani ya tabaka lile lile. Hizi ni vipande vya majivu vidogo kuliko vumbi, na kila volkano ina mchanganyiko wake wa silika, potasiamu, chuma na vinginevyo. Hazikufanana na Thera. Zilifanana na Aniakchak, volkano ya Alaska, upande mwingine kabisa wa dunia.

Funzo halikushika. Tabaka lingine la Greenland lilihusishwa na Vesuvius ya mwaka 79, ile iliyoifukia Pompeii, na tarehe hiyo ikatumika kama msumari wa kushikilia kalenda nzima ya barafu. Mwaka 2022 watafiti walizirudia chembe zile wakakuta hazina uhusiano na Vesuvius. Aliyekuwa ameegemeza hesabu zake hapo ilimbidi aanze upya.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mlipuko fulani "umepatikana kwenye barafu", uliza swali moja tu: wamepata chembe za kioo, au salfa peke yake? Kama ni salfa peke yake, jina hilo bado ni dhana.

Kuna kosa lingine, la ukubwa. Kilele kirefu cha Greenland si lazima kiwe cha mlipuko mkubwa. Iceland ni jirani yake. Volkano ya huko iitwayo Laki ilimwaga lava na gesi kuanzia Juni 1783 hadi Februari 1784, na sehemu kubwa ya salfa yake ilikuwa na safari fupi tu hadi kwenye barafu ile. Leo isotopu za salfa, yaani atomi za salfa zinazotofautiana uzito, zinasaidia, kwa kuwa salfa iliyopigwa na miale mikali juu ya tabaka la ozoni hubeba alama ambayo salfa iliyobaki chini haina. Matokeo yasiyo na kipimo hicho, au yasiyolinganishwa na Antaktika, nayasoma kwa tahadhari.

Volkano moja hutoa hewa ukaa nyingi kuliko viwanda vyote. Kwa nini wanasayansi wanaficha?

Hakuna anayeficha, na hili ndilo swali nililosema. Volkano zote za dunia kwa pamoja hutoa hewa ukaa isiyofika hata asilimia 2 ya ile inayotokana na binadamu. Barafu yenyewe ni shahidi. Mapovu ya hewa ya kale kutoka Dome C, Antaktika, yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa milioni. Ndani ya muda huo volkano zililipuka mara zisizohesabika, Toba ya miaka 74,000 iliyopita ikiwemo. Leo tumepita 420. Tafadhali, msinitumie swali hili tena bila kusoma jibu hili.

Mnajuaje mwaka? Kuhesabu matabaka 2,000 bila kukosea hata moja haiwezekani.

Kweli, na nimefurahi kuulizwa. Theluji ya majira ya baridi hutofautiana na ya majira ya joto kwa chumvi ya bahari, vumbi, amonia na isotopu za oksijeni, hivyo mwaka huonekana kama wimbi. Mhesabuji hufuata mawimbi kadhaa kwa pamoja. Lakini mwaka wa theluji haba unaweza kumpita, na mwaka wenye dhoruba mbili akauhesabu mara mbili. Kadiri unavyoshuka, uzito wa juu hubana matabaka yakawa membamba, na makosa hujilimbikiza.

Kwa muda mrefu kalenda ya barafu na kalenda ya miti hazikupatana. Duara za ukuaji wa miti zilionyesha baridi kali mwaka 536, na vilele vya salfa vikawa vimetangulia kwa miaka kadhaa. Wapo waliojaribiwa kusema kwamba volkano hazikuhusika.

Suluhisho lilitoka angani. Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake wa Japani walitangaza kwamba miti ya miaka ya 774 na 775 ina ongezeko la ghafla la kaboni ya mnururisho, matokeo ya mvua ya chembe za nishati kubwa kutoka nje ya dunia. Chembe zile zile huzalisha berili-10, atomi nyingine ya mnururisho, nayo huanguka kwenye theluji. Michael Sigl na wenzake walipoitafuta katika barafu ya Greenland waliikuta, ila kalenda ya barafu ilisema 768. Ilikuwa imepitiliza kwa miaka saba. Waliporekebisha, mwaka 2015, vilele vikaangukia 536 na 540, pale pale miti iliposema. Kwa hiyo kitabu chochote cha kabla ya 2015 kinachotaja tarehe za barafu za milenia ya kwanza kisome ukijua hilo.

Basi ni sahihi kusema volkano ndiyo iliyoangusha Jamhuri ya Roma?

Hapana. Hapa mnarejea Okmok ya Alaska, iliyolipuka mwaka 43 KK. Utafiti kuhusu mlipuko huo, uliotolewa mwaka 2020, ni imara: kuna salfa, kuna chembe za kioo zinazolingana, na kuna ushahidi wa baridi na mafuriko ya Nile yaliyokosa kuja. Lakini Julius Caesar aliuawa Machi 44 KK. Vita vya kugombea urithi wake vilishaanza Okmok ikiwa imetulia. Njaa inaweza kuzidisha vita ambavyo tayari vipo, na hilo ndilo linaloweza kudaiwa. Ni vivyo hivyo kwa tauni ya Justinian ya 541. Procopius, mwanahistoria wa enzi hizo, aliandika kuhusu jua lisilo na mng'ao, na barafu inatueleza kwa nini. Haituelezi bakteria walifikaje bandarini. Inaniuma kuona kazi ya uangalifu wa miaka mingi ikigeuzwa kichwa cha habari kinachowavua watu wa kale maamuzi yao yote.

Barafu ya Kilimanjaro ina kumbukumbu ya volkano?

Si mahali pa kuzitafutia. Lonnie Thompson na timu yake walitoa nguzo sita mwaka 2000, ndefu zaidi ikiwa karibu mita 50, wakakadiria mwanzo wake kuwa miaka 11,700 iliyopita. Tabaka moja la vumbi walilihusisha na ukame mkali wa takriban miaka 4,000 iliyopita. Wengine wanapinga umri huo, na hoja zao ni nzito. Utabiri kwamba barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020 haukutimia, ingawa inaendelea kupungua. Maji yakishayeyuka na kupenya chini, kumbukumbu huvurugika hata kabla barafu yenyewe haijaisha, na hilo linahusu kila mlima wa tropiki.

Volkano kubwa ikilipuka leo, si itatuondolea joto?

Kwa muda tu. Pinatubo ya 1991 iliipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi, na miaka michache baadaye salfa ilikuwa imeshuka na joto limerudi. Wanaopendekeza kunyunyizia salfa kwa ndege wakumbuke kwamba siku wakiacha, joto lote lililozuiwa litarudi kwa mkupuo.

Je, bado kuna milipuko mikubwa isiyojulikana ilitoka wapi?

Ipo, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kilele cha 1257 kilikaa miongo mitatu bila mwenyewe, ilhali ni mojawapo ya vikubwa kuliko vyote vya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 2013 timu ya Franck Lavigne ilionyesha kwamba ni Samalas, katika kisiwa cha Lombok, ikiunganisha majivu, vipimo vya kaboni, na maandishi ya kale ya majani ya mtende yanayosimulia kuangamia kwa mji wa Pamatan. Ule wa 1831 uliangushiwa Babuyan Claro ya Ufilipino kwa miaka mingi, hadi hivi karibuni chembe za kioo kutoka Greenland zilipolinganishwa na majivu ya Zavaritskii, kwenye kisiwa cha Simushir katika Visiwa vya Kuril, zikafanana.

Umebaki wa 1809. Upo Greenland, upo Antaktika, na uliitangulia Tambora kwa miaka sita tu, hivyo baridi ya muongo ule haikuwa kazi ya Tambora peke yake. Chanzo chake bado kinatafutwa.