Re: Biashara imeyumba, niache kuhudumu?

Bwana Yesu asifiwe dada. Umeuliza kama uache kwaya kwa sababu dagaa unaouza soko la Mwaloni, Mwanza, hawalipi na mchango wa sare umekushinda. Usiache. Soma 2 Wakorintho 8: Wamakedonia walikuwa hohehahe, wakatoa kuliko uwezo wao, lakini Paulo anasema kwanza walijitoa wenyewe kwa Bwana. Mstari wa 12 utakuondolea presha: mtu hukubaliwa kwa alicho nacho, si kwa asicho nacho. Mwambie mwalimu wa kwaya ukweli, utalipa mbalamwezi ikiisha na wavuvi wakirudi ziwani, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Kanisani kwetu Kirumba kuna mama huja Jumamosi na ndoo na tambara, anadeki kanisa zima kabla ya mazoezi. Bahasha yake ya sadaka sijawahi kuiona, lakini anahudumu. Ila watoto kulala njaa kwa ajili ya sare, hapo nakataa kabisa.