Loire kwa baiskeli, milima ipo?

Hapana, hakuna vilima vya kuwachosha. Njia ya Loire à Vélo, takriban kilomita 900, sehemu kubwa inaufuata mto Loire wa Ufaransa, kwa hiyo ni tambarare hata kwa watoto. Kama mnasafiri na karavani (nyumba ndogo inayovutwa na gari), iacheni kwenye kambi ya watalii. Vichochoro vya kijiji cha Candes-Saint-Martin, alikofia Mtakatifu Martin, askofu wa Tours, mwaka 397, ni vyembamba mno kwa gari linalovuta kitu, na kutoka hapo hadi ngome ya Montsoreau ni mwendo mfupi sana wa baiskeli. Candes ni kijiji kizuri kweli, msikipite mbio! Ila mwanzoni mwa Aprili pigeni simu kwanza: kambi nyingine huwa bado zimefungwa. Na watoto wa chini ya miaka 12 lazima wavae helmeti, ni sheria ya Ufaransa tangu 2017.