Bia ya pipa haina kosa, tumeihukumu haraka

Wiki hii mmewauliza wasomaji walio nje ya nchi: ni kitu gani cha wenyeji wa huko mliko ambacho watu wetu hukidharau kabla ya kukijua? Jibu langu ni eli ya Waingereza, bia ya pipa inayovutwa kwa mkono katika baa za vijijini. Naishi Reading, magharibi ya London, na hukumu ninayoisikia kwa karibu kila mgeni atokaye nyumbani ni ile ile: ni ya moto, haina gesi, imechacha. Anapiga funda moja, anasukuma glasi pembeni, anaagiza bia ya chupa ya baridi ambayo angeipata vilevile Moshi, Nairobi au Dubai. Naona huo ni uonevu, na ningependa kuueleza kwa kirefu kidogo.

Tuanze na moto. Eli ya pipa haikai juani wala karibu na jiko. Hulazwa kwenye chumba cha chini ya baa, na joto la chumba hicho hutunzwa kati ya nyuzi 11 na 13 za Selsiasi. Hiyo ni baridi ya maji ya mtungi, si baridi ya friji. Sababu yake ni ladha. Bia iliyo karibu na kuganda huufanya ulimi ufe ganzi, na ndiyo maana bia nyingi za viwandani husisitiza zinywewe baridi sana. Eli haina haja ya kujificha. Ikipanda kidogo joto ndipo unapousikia mkate wa shayiri, asali, ganda la chungwa, na wakati mwingine harufu ya majani makavu.

Gesi nayo ipo, ila haikupigwa na mtambo. Hapa ndipo penye utaalamu wenyewe. Mpishi wa eli haichuji bia yake hadi iwe tupu, wala haichemshi kuua hamira baada ya kuchachuka. Huijaza kwenye pipa ikiwa bado na hamira hai na sukari kidogo, nayo huendelea kuchachuka humo humo. Pipa la kawaida la baa za vijijini lina galoni 9, yaani painti 72, na painti moja ya Kiingereza ni mililita 568. Likifika, hulazwa kwa ubavu juu ya fremu na kuachwa litulie. Mwenye baa hupigilia kigingi cha mbao laini kwenye tundu la juu ili gesi iliyozidi ipumue polepole, kisha hukibadilisha kwa kigingi cha mbao ngumu ili iliyobaki isitoroke. Bomba hupigiliwa kwa nyundo ya mbao kwenye kichwa cha pipa. Baada ya siku moja au mbili huonja, huitazama kwenye mwanga, na akiridhika ndipo huanza kuuza. Kutoka hapo saa zinahesabika, kwa sababu kila painti inayotoka huacha nafasi ya hewa kuingia, na hewa ndiyo adui. Siku tatu hivi, na pipa lililokuwa zuri linaanza kugeuka siki.

Kwa hiyo bia hii hukamilishwa na watu wawili: aliyeipika kiwandani na aliyeilea chini ya baa. Wa kwanza akiwa bingwa na wa pili mvivu, utakunywa uchafu. Nadhani wengi wa wanaoidharau walikutana na kazi ya mvivu, mara nyingi kwenye baa ya stesheni au uwanja wa ndege.

Mimi nimezaliwa Marangu, ndiyo maana jambo hili linanigusa. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewe. Leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa hainyweki. Hakuna Mchaga anayeilaumu mbege kwa kutotoka kwenye friji. Tunajua ni pombe iliyo hai, na mama aliyeipika ndiye ajuaye saa ya kuitoa. Eli ni ya ukoo huo huo. Mahali pa ulezi kuna kimea cha shayiri, na mahali pa gome kuna maua ya hopsi, mmea ulioletwa Uingereza kutoka Flanders katika karne ya 15 na ambao hadi leo hulimwa Kent. Mtu aliyekulia na kata ya mbege mkononi ana haki zaidi ya kuielewa eli kuliko mtu yeyote aliyezoea bia ya kopo, nami husikitika ninapowaona watu wa Kilimanjaro wakiikimbia.

Ndugu zetu wa Mwanza na Kisumu nao wana lao humu. Ili eli ing'ae kwenye glasi bila kuchujwa, desturi ya miaka mingi ni kutia ndani ya pipa ute unaotengenezwa kwa mabondo ya samaki, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yaliyokaushwa. Ute huo hukusanya chembe za hamira na kuzizamisha chini. Ni mabondo yale yale ya sangara ambayo kwenu hununuliwa kwa bei kali na kusafirishwa China. Asiyekula nyama wala samaki huuliza kwanza kabla ya kuagiza, na siku hizi wapishi kadhaa wameacha kuyatumia, wakauza eli yenye ukungu kwa makusudi. Ukungu peke yake, basi, si ushahidi wa ubovu. Siki ndiyo ushahidi.

Hata Waingereza wenyewe waliwahi kukaribia kuipoteza. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilianza kusukuma bia ya aina nyingine katika baa zao: iliyochujwa, iliyouawa hamira, iliyosukumwa kwa gesi ya mtungi, isiyohitaji mtu wa kuilea. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizoni Ireland wakaamua kuanzisha chama cha kuitetea eli. Chama hicho, CAMRA, kikakua hadi kuwa na wanachama zaidi ya 100,000, kikichapisha kila mwaka mwongozo wa baa zinazoitunza bia vizuri. Nakiheshimu sana kwa sababu hakikuanzishwa na serikali wala na wafanyabiashara. Ni wanywaji wa kawaida waliokataa kuambiwa kwamba kitu cha babu zao kimepitwa na wakati. Nyumbani nani anaisimamia mbege namna hiyo, au ulanzi, au busaa?

Sasa niwapeleke mahali. Kaskazini-magharibi ya Reading, juu ya vilima vya Berkshire, kuna kijiji kidogo kiitwacho Aldworth, karibu na njia ya kale ya Ridgeway inayopitwa na watembea kwa miguu. Baa yake ni The Bell Inn. Familia moja imeishika kwa zaidi ya miaka 250, na CAMRA iliichagua kuwa baa bora ya mwaka ya nchi nzima mwaka 1990, ikaichagua tena kwa mwaka 2019. Ukiingia usitafute kaunta ndefu. Kuna kidirisha cha vioo, unasogea hapo, unasema unachotaka, kinapitishwa. Sakafu ni ya vigae, mabenchi ni ya kale, kuna meko, na kuna saa ya ukutani yenye mshale mmoja tu. Simu hazitakiwi. Chakula cha mchana ni mkate wa moto uliojazwa nyama au jibini, basi. Muziki hakuna. Kelele iliyopo ni ya watu kuzungumza.

Nilipokwenda na rafiki yangu wa Tanga, ambaye ni Mwislamu na hanywi, aliagiza soda ya tangawizi na mkate wa jibini, akakaa nasi mchana kutwa. Mzee mmoja wa pale, mkulima, alimweleza habari za kanisa lililo jirani, lenye sanamu tisa za mawe za wakubwa wa ukoo wa de la Beche wa karne ya 14, nyingine kubwa kuliko kimo cha mtu. Tulikwenda kuziona kabla ya jua kuzama. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani baa ya kijiji cha Uingereza ni ya walevi tu. Ni baraza lao. Mtu huenda kutafuta habari, kutafuta fundi wa paa, kuomboleza, kucheza dhumna.

Kuhusu kuonja kwenyewe. Sheria inaruhusu bia ya bomba kuuzwa kwa theluthi ya painti, nusu, theluthi mbili, au painti nzima. Mgeni aanze na theluthi. Baa nyingine zitakuwekea theluthi tatu kwenye kibao kimoja, na mhudumu mwema atakupa tone la kuonja bure ukiomba kwa adabu. Panda kutoka nyepesi kwenda nzito. Maildi huja kwanza: ni nyeusi au ya kahawia, laini, kilevi chake aghalabu asilimia 3 na ushei. Halafu bita, ambayo ndiyo moyo wa jambo lote. Huko Aldworth mara nyingi nimekuta 3B ya Arkell's, kiwanda cha Swindon kilichoanza mwaka 1843, na kwangu hicho ndicho kipimo: uchungu unaofika mwishoni, baada ya utamu wa kimea, bila kupiga kelele. Zinafuata eli za dhahabu, ambazo mpenzi wa bia ya chupa huzizoea upesi, kisha pota na stauti zenye ladha ya kahawa. Za nguvu kabisa, zinazonyweka wakati wa baridi kali, ziache mwisho, na zinywe kidogo.

Tazama pia mkono wa anayevuta. Pampu ya mkono ina historia ndefu, na Joseph Bramah aliiwekea hataza mwaka 1797. Haina umeme wala gesi, ni nguvu ya bega tu. Kaskazini hufunga kifaa chenye vitundu mdomoni mwa bomba ili povu liwe zito kama krimu, na kusini hukikataa. Ugomvi huo ni wao, tuwaachie.

Raundi inaheshimiwa kama kwetu. Ukikaa na watu watatu na mmoja akanunua, nawe utanunua zamu yako, na kuondoka kabla ya zamu yako ni aibu. Usiyeweza kunywa sana sema mapema kwamba unanunua yako, hakuna atakayekasirika. Anayeendesha asiguse, kwani kilevi kinachoruhusiwa hapa ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, na hakuna aonaye kwa macho amefika wapi. Panda teksi au tembea.

Na bia ikiwa mbovu, irudishe. Watu wetu huona haya kufanya hivyo ugenini, wakamaliza glasi huku wamekunja uso, kisha wakaenda kuisema vibaya kwa miaka kumi. Sema tu kwa upole kwamba ina siki. Mwenye baa anayejua kazi yake ataionja, atakubadilishia, na atashuka kulikagua pipa.

Namna ya kuchagua baa ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mgeni huvutiwa na baa yenye pampu nane zinazometameta. Kijijini penye wateja thelathini, pampu nane maana yake ni mapipa nane yanayozeeka kwa pamoja, na huwezi kuyanywa yote ndani ya siku tatu. Ingia penye pampu mbili au tatu na watu wengi, utazame wazee wanakunywa ipi, umuulize mhudumu pipa hilo lilifunguliwa lini. Akikujibu jana, agiza.